Kibao cha Hamsini

Koplo Nyalusi hakunipandishia sauti.
Aligeuza tochi yake nione mwenyewe:
sabini na tisa,
umri ambao baba yangu hakuufikia
na mimi nimebakiza miaka kumi na miwili niuguse.

"Lipa faini, mzee, uwahi nyumbani."
Nikamwambia silipi, tochi yako ni mbovu,
gari hili lilizaliwa kabla yako,
likifika sitini linakohoa.
Wauza viazi wa Isongole waliacha kupanga ndoo wakasikiliza.
Akaandika.
Kalamu ikagoma kwa baridi, akaipulizia, akaandika tena.
"Basi, utaitwa."

Utaitwa.
Neno halina tarehe, halina saa,
limekaa sebuleni kwangu wiki ya tano sasa
kama mgeni asiyesema anaondoka lini.
Tupokigwe anafagia akilizunguka.

Pikipiki ikilia kule kwenye kona ya migomba
naweka kikombe chini.
Jumanne ilikuwa dawa ya kuku ya jirani.
Alhamisi, kijana anayeulizia bei ya parachichi.
Jana Lwitiko mtendaji alikuja mwenyewe, bahasha kwapani.
Nikavaa koti, nikafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni:
ilikuwa michango ya darasa.
Nikatoa elfu ishirini kabla hajamaliza salamu.
Mke wangu akanitazama, akarudi jikoni.

Usiku, mvua ikipiga bati, najitetea gizani.
Mheshimiwa Hakimu, mteremko ule naujua.
Nilipokuwa kibarua wa Ujenzi
tuliushuka na mitarimbo, kibao kwa kibao,
na hicho cha hamsini, karibu na shule,
shimo lake nilichimba mimi.
Futi mbili chini tukakuta mwamba.
Msimamizi akasema sogezeni mbele, nikasema hapana,
watoto wanavukia hapa,
nikaupiga mwamba ule kutwa nzima mpaka viganja vikachanika.
Sasa, Mheshimiwa, mtu wa namna hiyo
hawezi

Hapo maneno yananikatikia kila usiku,
kwa sababu anaweza.

Sijamwambia mtu.
Nilikuwa nimeuza ndizi zote pale Uyole, hata mikungu iliyochubuka,
gari jepesi nyuma kama debe tupu,
na ukungu ukafunguka ghafla, mlima Rungwe
umesimama mbele yangu mpaka kileleni,
na mguu huu wa kulia, unaoniuma masika yote,
ukasahau kuuma.
Haikuwa haraka. Sikuwa na pa kuwahi.
Ilikuwa furaha. Andika hivyo, koplo,
kama fomu yako ina nafasi.
Kibao kikanijia pembeni
nikakiona, nikakitambua,
nikakipita kama unavyompita mtu anayekudai.

Shule ilikuwa imefungwa, likizo.
Hilo nalo nalichukua usiku, naligeuzageuza,
halafu nalirudisha nilikolitoa:
siku ile sikukumbuka likizo wala shule.

Tochi haikuwa mbovu.

Wiki hii nakwenda sokoni kwa miguu,
polepole, kama mtu anayehesabiwa hatua.
Tupokigwe ameuliza kama gari limeharibika.
Nimesema ndiyo, limeharibika.
Uongo wa pili huo, na wa kwanza haujaitwa bado.

Pikipiki inapanda.
Gia ya pili, ya kwanza. Inateleza kwenye tope la kona,
inasimama, inalia tena.
Kikombe nimeshakiweka chini.
Koti liko msumarini.